THUY ALIPIGA YOWE, DADA ZAKE WAKAMSHANGILIA

Nilimwona kwa macho yangu akivutwa nywele.

Mchana kweupe! Jua la Aprili, moshi wa nyama choma, watu wamejaa uani... na nyuma ya nyumba, kwenye maegesho, Thuy anaburutwa kuelekea garini kama gunia.

Akafanya kitu kimoja tu. Akainua uso, akapiga mwito wa chama chetu.

"Yuuuuu-wi! Yuuuuu-wi!"

Mnajua dada zake wa chama walifanya nini?

Walimwitikia.

Walicheka, wakanyanyua vikombe vyao juu, wakapiga mwito uleule kwa furaha. Uani kote ni "Yuuuuu-wi!" tu. Walidhani anaaga!

Mimi nilikuwa jikoni, ghorofani. Dirisha la jikoni ndilo pekee lililotazama maegesho. Nikafungua mdomo nipige kelele.

Mkono ukaniziba.

Wa Jisun. Dada yangu mkubwa kwenye chama, aliyeniapia mbele ya mishumaa kwamba shida yangu ni yake.

"Nyamaza," alininong'oneza. "Nyamaza, Sabiha. Utatuharibia wote."

Mkono ule ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni hasira.

Kule chini kijana aliyekuwa akimburuta aliinua macho, akatazama dirisha letu. Akatabasamu. Kisha akafunga mlango wa gari, wakaondoka.

*

Jamani, naitwa Sabiha. Mimi ni mtu wa aibu. Nikiagiza chakula kwa simu natoa jasho. Sijawahi kuandika kitu hapa, nasoma tu vyenu na kulia kimyakimya. Lakini hasira hii nimeibeba miaka miwili, na leo naitua hapa. Nivumilieni.

Nimezaliwa Musoma. Babu yangu alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, baba akalirithi, na nilipokuwa darasa la sita tukahamia huku Maryland, Gaithersburg. Kwa hiyo mimi ni Mhindi, ni Mtanzania, tena ni Mmarekani wa makaratasi. Kila ninakoingia hakosekani wa kuniuliza, "Lakini wewe hasa ni wa wapi?"

Nilipoanza chuo pale College Park, mwaka wa kwanza wote nilikula peke yangu.

Mwaka wa pili nikapita kwenye meza ya wasichana waliovaa fulana za zambarau zenye herufi za Kigiriki. Chama cha akina dada, kile Wamarekani wanachoita sorority, ila hiki kilikuwa cha wasichana wenye asili ya Asia. Wakorea, Wavietnam, Wafilipino, Wachina, Wahindi.

Msichana mmoja mrefu akaniita.

"Unatoka wapi?"

"Tanzania."

"Mwasia wa Afrika! Sijawahi kuona. Njoo ukae hapa. Umekula?"

Huyo ndiye Jisun. Neno "umekula" ndilo lililonimaliza. Sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu wa pale chuoni tangu nifike.

(Tulikuwa tunaongea Kiingereza, mimi nawawekea kwa lugha yetu.)

Kuingia si mchezo. Unakariri historia ya chama, mmesimama mstari mmoja bega kwa bega. Mmoja akikosea neno, wote mnaanza upya. Mimi kwa kukariri ni hodari, sijui kwa sababu ya madrasa. Mpaka leo naweza kuisema nikiwa usingizini:

"Mwaka 1993, wasichana saba wa Kiasia, walipochoka kuwa wageni katika chuo chao wenyewe, waliunda udada wa kuinua utamaduni, elimu na heshima ya mwanamke. Nao wakachagua mwito wa furaha, mfano wa ndege anayeamsha alfajiri."

Halafu wote mnapiga, "Yuuuuu-wi!"

Siku ya kwanza Jisun alipoupiga mbele yetu, nywele zilinisimama. Niligeuka kutazama mlango.

Kwa sababu mimi naijua sauti ile.

Ile si ya ndege! Ile ni yowe. Kwetu Mara, yowe likipigwa watu wanatoka. Mwenye jembe anatupa jembe, mwenye ugali mdomoni anatoka nao. Namkumbuka baba akimfungia mteja ndani ya duka na futi ya kupimia kitambaa mkononi, anakimbia nayo. Hamuulizani ni ya nani. Hata kama ni jirani mliyegombana jana mkatukaniana wazazi, unatoka! Usipotoka, kesho yake utasimamishwa mbele ya watu uulizwe ulikuwa wapi.

Nilipokwenda nyumbani wikiendi nikamwigizia mama. Alikuwa anakaanga vitunguu. Akaacha mwiko.

"Astaghafirullah! Unaniitia majirani?"

"Ndio mwito wa chama chetu, mama. Wanasema ni wa ndege."

"Ndege gani? Ndege wa Tarime?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Sabiha mwanangu, hilo ni yowe. Kuna mtu wa kule alipita hapo. Waulize."

Niliuliza. Mbele ya wenzangu, kwa sauti yangu ya kuku aliyenyeshewa.

Jisun akanipigapiga kichwani. "Sabiha mpenzi, si kila kitu ni Afrika."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Ndivyo tulivyo sisi watu wa aibu, tunasaidia kujicheka.

Hakucheka mmoja tu. Thuy.

Thuy tuliingia pamoja mstari mmoja. Mtoto wa Kivietnam wa Falls Church, mwembamba, mdomo mrefu kuliko yeye, utani kutwa. Siku ile alinifuata nje.

"Hiyo habari ya kwenu ni kweli? Ukipiga, lazima waje?"

"Lazima."

"Hata kama hawakupendi?"

"Hata kama."

Akanyamaza. Thuy kunyamaza ni jambo la ajabu, lakini sikuelewa. Sikujua kwamba mpenzi wake, Eugene, yule mcheshi anayetuletea kahawa darasani, alikuwa ameshaanza kumpiga.

Mnaelewa sasa kwa nini alipiga mwito ule pale maegeshoni?

Mimi ndiye niliyemwambia watakuja!

*

Thuy alirudi jioni ileile ya nyama choma, kifundo cha mkono kimefungwa bandeji.

"Nilianguka ngazi," alisema.

"Ameanguka ngazi," Jisun akarudia haraka. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Nikamvuta Thuy chumbani. "Niliona. Twende polisi."

"Hukuona kitu."

"Thuy..."

"Niliita, Sabiha! Niliita wakashangilia. Na wewe ulikuwa wapi?"

Akaniomba kwa machozi nisimwambie mtu, kwani Eugene akijua kuna mtu anaongea, hasira zake atazimalizia kwa Thuy. Nikamkubalia. Nikatoka, nikamkuta Jisun koridoni.

Hapo lazima niwaambie jambo. Eugene ni mdogo wake Jisun. Tumbo moja.

"Ulimwona mdogo wako," nilisema.

"Niliona wapenzi wakigombana."

"Amemvunja mkono!"

"Shusha sauti." Akatazama nyuma yake. "Jumapili ni Siku ya Waanzilishi. Wanawake walioanzisha chama hiki wanakuja, na wewe ndiye utakayekariri historia. Utasimama, utakariri kama ilivyo, utakaa. Ukiongeza neno moja, unatoka, na Thuy anatoka."

"Na Eugene je?"

"Thuy anahamia kwake Jumatatu. Ameamua mwenyewe."

Jumatatu! Akishaingia kwenye ile nyumba na mlango ukafungwa... mtaniambia nini mimi?

Sikulala vizuri hata siku moja wiki ile.

*

Jumapili, chakula cha mchana, ukumbi wa mgahawa mmoja Rockville. Vitambaa vyeupe, maua ya zambarau, sisi wote magauni ya kufanana. Waanzilishi walikaa meza ya mbele, wanawake wa miaka thelathini na kitu, wamependeza, wamefanikiwa. Mmoja aliitwa Lourdes, Mfilipino, daktari wa watoto. Pembeni yake alikaa mwanamke mweusi aliyevaa gauni la kitenge.

"Na huyu ni mgeni wa dada Lourdes," Jisun alitangaza, akampita.

Thuy alikuwa meza ya karibu na jukwaa. Gauni lake pekee lilikuwa la mikono mirefu, joto lote lile. Eugene ameketi naye, kiganja kimemkaa shingoni kwa nyuma. Watu wanaona mahaba. Mimi niliona vidole vikibonyea kila Thuy alipofungua mdomo.

"Sasa dada yetu Sabiha atatukariria historia!"

Makofi. Nikapanda.

"Mwaka 1993," nikaanza, "wasichana saba wa Kiasia, walipochoka kuwa wageni katika chuo chao wenyewe..."

Nilimtazama Thuy. Alikuwa anaangalia sahani.

"...waliunda udada wa... wa kuinua utamaduni, elimu na..."

Na heshima ya mwanamke. Hayo ndiyo yaliyofuata. Maneno nimeyasema mara mia! Yakagoma. Heshima ya mwanamke gani? Huyu anayebonyezwa shingo mbele yetu sote tukila kuku?

"Sabiha," Jisun alinong'ona kutoka chini. "Endelea."

Nikawatazama wote. Wakaanza kukohoa. Wengine wakaanza kunionea huruma, masikini, amesahau.

Nikafumba macho. Nikamfikiria baba na futi yake ya kitambaa.

Nikapiga yowe.

Siyo ule mwito wao wa vikombe. Yowe! La Mara, la kutoka tumboni, la kuita mtu aliye ng'ambo ya kilima. Sikujua kama ninalo. Glasi zilitetemeka.

Mnajua, mwanzoni walifanya vilevile? Meza za nyuma wakaanza kuitikia kwa vicheko, "Yuuuuu-wi!"

Lakini meza ya mbele kiti kilianguka.

Mgeni wa dada Lourdes alikuwa ameshasimama! Kiatu kimoja kimemtoka, uma mkononi, anakuja mbio kati ya meza, anamsukuma mhudumu na trei yake. Akafika jukwaani anahema. Akaniuliza, kwa Kiswahili:

"Nani? Ni wapi?"



Mimi machozi tayari. Nikanyoosha kidole. "Yule pale, dada. Anapigwa. Juzijuzi aliita, hawakwenda."

Hakuuliza swali la pili. Akageuka, akaenda mpaka kwa Eugene.

"Toa mkono wako shingoni kwake."

"Samahani, wewe ni nani?" Eugene alicheka, akiwaangalia watu wamsaidie kucheka.

"Mimi ndiye niliyekuja. Toa mkono."

"Huyu mama ni mwendawazimu. Jisun, mwambie..."

Jisun hakusogea. Alikuwa mweupe kama kile kitambaa cha meza.

Kiti kingine kikasogea. Ni Lourdes. Akaja akasimama upande wa pili wa Thuy. Kisha waanzilishi wengine, mmoja mmoja, na viatu vyao virefu na vipochi vyao, mpaka wakaizunguka ile meza. Hawakumgusa. Walisimama tu wakimtazama.

Eugene akatoa mkono.

Thuy akavuta mkono wa gauni mwenyewe. Bandeji, na kuelekea kiwiko alama za vidole, za kijani na za manjano, za siku tofauti.

"Sikuanguka," alisema.

Eugene aliondoka akitukana. Mlangoni alimtazama dada yake, siyo Thuy. Nililiona hilo, nikalisahau.

*

Yule mwanamke anaitwa Ghati. Wa Tarime. Mama yangu alipatia hata Tarime, ila hakuwa ndege.

Alituambia palepale, akitafuta kiatu chake. Mwaka 1993 alikuwa mwanafunzi mgeni, anaishi ghorofa moja na wasichana asiowajua. Alasiri moja akasikia msichana wa chumba cha pili anapigwa na mpenzi wake. Akagonga, hakufunguliwa. Akapiga simu, hawakufika upesi.

"Nikafanya tunavyofanya kwetu," alisema. "Nikasimama koridoni nikapiga yowe. Milango ikafunguka. Mkorea, Mchina, Mhindi, hakuna aliyejua ile sauti ni ya nini, lakini walitoka! Mmoja alitoka na sufuria. Yule kijana akakimbia. Usiku ule... hapana, jioni ileile, tukala pamoja wali wa mwenye sufuria, tukakubaliana. Mmoja akiita, wote tunatoka. Chama ndicho hicho. Hizo herufi na zambarau zilikuja baadaye."

"Walikuwa saba," nikasema kama kasuku.

"Tulikuwa wanane."

"Sasa kwa nini historia..."

"Niulize mimi," alisema Lourdes.

Alikuwa analia bila sauti.

"Aliyekuwa anapigwa ni mimi. Miaka michache baadaye walipotaka kuisimulia kwa wanaoingia, niliona haya. Nikaomba waibadilishe. Ningemtajaje Ghati bila watu kuuliza alipiga yowe kwa ajili ya nani? Nikasema basi, tuseme ni ndege."

Ndege!

Mimi hasira yangu ilianzia hapo, na haijaisha. Kwa ajili ya haya ya mtu aliyepigwa, siyo haya ya aliyempiga, wakamfuta aliyesikia. Na walipomfuta yeye, wakafuta na maana ya ile sauti. Wasichana wakafundishwa kuikariri neno kwa neno, na siku mwenzao alipoipiga kwa roho yake, wakanyanyua vikombe!

Jumatatu Thuy hakuhamia kwa mtu. Tulikwenda naye mahakamani, Upper Marlboro. Dada Ghati ndiye aliyeendesha. Mama yangu alifunga chapati kana kwamba tunakwenda Musoma. Thuy alizila zote na kutuambia mashati ya majaji yanapigwa pasi vibaya. Hakimu akatoa amri Eugene asimkaribie.

Mnadhani chama kilinishukuru?

Walinifukuza.

Walipiga kura. "Kuvuruga sherehe na kukitia chama aibu." Waanzilishi hawana kura. Jisun ndiye aliyenisomea uamuzi, hakuniangalia usoni.

"Umekula?" nilimuuliza, kwa uchungu tu.

Akakunja karatasi yake, akatoka.

*

Ilikuwa Novemba ya mwaka uleule. Nipo nyumbani Gaithersburg, alasiri, namsaidia mama kukunja nguo. Simu ikaita. Jina la Jisun.

Nilitaka nisipokee. Nikapokea ili nimtukane.

Nikasikia pumzi. Nyuma yake, mlango unagongwa. Unagongwa kwa bega.

Halafu sauti, nyembamba, imepasuka...

"Yuu-wi..."

Jamani.

Nilisimama na shuka la mama mkononi. Nitawaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni vile vikombe. Nikataka nimcheke. Nikataka ajue inavyouma.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Jisun."

"Yule aliyekuziba mdomo?"

"Ndiye."

"Anapiga yowe?"

"Ndiyo, mama."

Mama tayari alikuwa ameshavaa viatu. "Sasa umesimama nini? Piga polisi, chukua funguo!"

Nikawapigia polisi, nikampigia dada Ghati. Nikaendesha kushuka barabara kuu ya 270 nikilia na kumlaani Jisun njia nzima. Tulipofika kwake, polisi walikuwa wameshamtoa Eugene, mikono nyuma. Jisun alikuwa sakafuni bafuni, mdomo umepasuka.

"Amenilaumu kwamba mimi ndiye niliyekuachia jukwaa," alisema.

"Ni mara ya kwanza?"

Akatikisa kichwa. "Tangu tuko watoto, Sabiha. Siku ile dirishani... alituona. Ungepiga kelele, angejua ni mimi nimekuacha uone."

Nikaukumbuka ule mkono. Ulivyotetemeka mdomoni mwangu. Haikuwa hasira.

Sijamsamehe. Msiniandikie chini hapa kwamba nisamehe. Alijua maumivu yale, na akamwacha Thuy aingizwe kwenye lile gari. Bado nikifikiria nakaza meno. Lakini nilikwenda, na siku nyingine akipiga nitakwenda tena nikiwa na hasira hizihizi.

Na ninyi mnaoishi kwenye maghorofa, Silver Spring, Dar, Nairobi, popote, mnaosikia ukuta wa jirani unagongwa mkaongeza sauti ya televisheni, mkasema ni mambo ya wapenzi, hasira yangu ya leo ni yenu pia. Chama kile kilianza kwa sababu mtu alitoka koridoni na sufuria, hajui hata anakwenda kumsaidia nani.

Ukisikia, toka. Uliza ni nani ukiwa umeshafika.